Mwaka Tulioambiwa Mfumo Umezeeka

Habari za kifo cha Mwalimu Komora niliambiwa na Sista Kadzo kwa simu, asubuhi ya Jumatatu, nikiwa ofisini Hola nimeshika waraka unaosema kompyuta zetu zote zitahamishiwa kwenye mfumo endeshi mpya kabla mwaka haujaisha. Sista hakuzunguka. "Zahara, Komora kafa. Wanazika kesho kutwa, kwao Wema. Uje." Kisha akakata, kama alivyokuwa akikata simu zamani alipokuwa mkubwa wetu wa kazi. Nikabaki na waraka mkononi. Maneno ya waraka yalikuwa yale yale tuliyoambiwa mwaka ule nilipofanya kazi na Komora: mfumo wa sasa umezeeka, kampuni iliyoutengeneza haitautunza tena, usalama wa data, hatuna budi. Mtu mwingine angelia. Mimi nilipandwa na hasira, nikasimama, nikafunga mlango, nikaupiga ule waraka mezani kwa kiganja hadi karani wa chumba cha pili akauliza kama nimeona nyoka.

Mambo ya kwetu Wenje nitayaacha, hayahusiki. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha kompyuta nilichokipata Malindi, nikikibeba kwenye bahasha ya plastiki kana kwamba polisi wangenidai njiani, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa karani msaidizi katika kliniki moja ya kifua pale Garsen. Kliniki ilikuwa vyumba vitatu na baraza nyuma ya maduka, mali ya shirika ambalo makao yake ya Nairobi sikuwahi kuyaona. Chumba cha mbele kilikuwa cha Sista Kadzo, cha kati cha dawa na vipimo, cha nyuma chetu sisi wa rekodi. Chetu kiliwahi kuwa ghala la mbegu. Mvua ikikaribia kilinuka dawa ya wadudu wa mahindi, na jua likiwaka bati lilialia juu ya vichwa vyetu mpaka tukapaza sauti ili tusikizane. Mlikuwa na meza mbili, kabati la chuma lisilofunga, kompyuta mbili zilizoinuliwa juu ya matofali kwa kuogopa maji ya mto, na Mwalimu Komora.

Alikuwa amepita hamsini. Alifundisha hesabu shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja kliniki, ndiyo maana kila mtu, hata Sista, alimwita Mwalimu. Kila asubuhi aliipangusa ile kompyuta kubwa kwa kipande cha leso, akaiwasha, akaisemesha Kipokomo ilipokuwa ikiunguruma, kisha akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Saa nne tulikula. Yeye alileta ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi, au wali wa mpunga aliotumiwa na shemeji yake wa Ozi. Mimi nilinunua kambare wa kukaanga kwa mama aliyeketi nje ya lango. Na Sista alikuja na sahani tupu akisema hana njaa, amekuja kutusalimia tu, akala kuliko sisi sote. Nikikumbuka saa zile nne za asubuhi, harufu ya nazi na samaki ndani ya chumba kinachonuka sumu ya wadudu, nakumbuka pia jinsi nilivyokuwa nikimdharau kidogo. Cheti changu kilikuwa kipya. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani na yeye mwenyewe nilimwona wa zamani, na hilo nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali ambapo sistahili.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu aliyoiunda mwenyewe kwa miaka minne, akijifunza kutoka kitabu kinene kilichong'oka jalada. Hakuipa jina, sisi tuliiita Daftari. Dawa za kifua kikuu hunywewa miezi sita bila kukosa, na ukizikatiza wadudu wa ugonjwa huzizoea, dawa ikawa sawa na maji. Sasa nenda kamwambie hivyo mfugaji wa Kiorma ambaye mvua ikinyesha hana budi kuwaondoa ng'ombe mtoni awapeleke ndani kwenye majani, na jua likikaza awarudishe. Kitabu cha karatasi tulichopewa kujaza kilikuwa na safu ya makazi yenye upana wa vidole viwili. Kila mgonjwa tulimwandikia neno moja, Garsen, hata kama Garsen huja kununua sukari tu. Daftari la Komora halikuwa na mpaka huo. Humo aliandika familia huhamia wapi mvua ikianza, hupitia duka la nani, nani ana simu, na mtu ukifika uulize vipi. Mwingine aliandikiwa: "Usiulize kwa jina, uliza fahali mwekundu wa pembe moja." Kila Jumatatu Daftari lilitoa karatasi ya wanaostahili dawa wiki ile na mahali walipo, si walipokuwa mwezi jana, na Komora akapanda pikipiki ya kliniki akawapelekea. Mwaka mzima kabla sijafika hakupotea mgonjwa hata mmoja. Sista ndiye aliyeniambia hivyo, mdomo umejaa wali wetu.

Mgonjwa wetu Halako alikuwa wa rika langu. Alikuja mara ya kwanza akiwa mifupa na macho, mtoto wa kike mgongoni, na mkwewe Mama Guyo akiwa mbele kama askari. Baada ya miezi mitatu ya dawa alikuwa ameshaanza kunitania. Alisimama mlangoni pa chumba chetu, mahali ambapo wagonjwa hawakuruhusiwa, akatazama kioo.

"Wewe dada, unaandika nini humo siku zote?"

"Nakuandika wewe."

"Mimi uliniandika zamani, nikiwa mbaya. Sasa nimenenepa. Futa ile, andika hii."

Mama Guyo hakuwa mtu wa mzaha. Siku ile alitaka kujua jambo moja tu: mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, wao wanahama, dawa itakuwaje? Komora akamgeuzia kioo, akamwonyesha mistari ambayo mama yule hakuweza kuisoma. "Hata mkienda wapi, Mama, hii inajua. Msihangaike kurudi na mtoto mgongoni. Kaeni huko huko, mtu atakuja na dawa."

"Mashine inajua?"

"Inajua."

Mama Guyo akaitazama ile kompyuta muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mchumba wa bintiye. Kisha akaitikia kwa kichwa, wakaondoka.

Barua ya makao makuu ilifika siku chache baadaye. Ilisema mfumo tunaotumia umefikia mwisho wa maisha yake, na kwamba ofisi zote zitahamia mpya kabla ya robo ya mwaka kuisha. Komora aliisoma mara mbili, akaenda chumba cha Sista kupiga simu, na kwa kuwa ukuta wa katikati haukufika darini mimi nilisikia kila neno, kwani Sista hakujua kutumia simu ila kwa spika. Aliomba vitu vitatu. Kwanza karatasi na wino, achape Daftari lote. Pili diski ya nje ya kuhifadhia nakala, ambayo alikuwa ameiomba tangu mwaka uliotangulia. Tatu, wamsubiri mpaka apate mtu wa kumsaidia kuihamisha programu, kwa sababu ilikuwa imeundwa kwa mfumo wa zamani na alijua mpya ungeikataa. Meneja wa mradi alikuwa na sauti laini, ya mtu anayezungumza na wazee wengi. "Mwalimu, tusirudi nyuma. Leseni zimeshalipiwa. Mfadhili akiuliza mbona Garsen imebaki, nitamjibu nini? Kuna mzee anapenda kompyuta yake?" Akacheka. Komora hakucheka, na Sista akasema, "Haya basi, nyote mmesikizana," wakati hakuna aliyesikizana na mwenzake.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja sasa, nimesaini makaratasi mengi ya aina hiyo, na najua gharama huandikwa vipi. Huandikwa mstari mmoja: leseni. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mashine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana, leo haina memori ya kuubeba mfumo uliosukumiwa, na sasa ukiandika jina la mtu unasubiri herufi zitokee moja moja. Hakuna mahali pa kuandika miaka minne ya mzee na kitabu kisicho na jalada. Kampuni iliyo mbali huko ng'ambo inaamua kitu chake kimezeeka, haijui Garsen iko wapi wala haina sababu ya kujua, na mtu wa Nairobi anayejua Garsen iko wapi naye hana sababu ya kuuliza. Hasira yangu sikuimaliza kwa kampuni. Kampuni zinauza, ndiyo kazi yao. Nilimkasirikia yule mwenye sauti laini, aliyeombwa karatasi na diski akaona ni ukaidi wa uzee.

Fundi wa Nairobi wa kuweka mfumo mpya alikuja Alhamisi, mapema kuliko tulivyoambiwa. Saa mbili kasoro, kabla Komora hajafika, alikuwa ameshafunguliwa mlango na mlinzi, ameshaanza kompyuta ya pili. Komora aliingia na chupa yake ya chai akaikuta ile mashine imefutwa. Humo ndimo alimoweka nakala ya Daftari kila Ijumaa. Sikupata kumwona akipaza sauti kabla ya siku ile.

"Nani alikuambia uanze?"

"Nimetumwa, mzee. Mimi niko na ofisi nne wiki hii. Nikimaliza hii ingine nashika basi ya saa nane."

"Hii ingine huigusi."

Fundi hakubishana. Alipiga simu, akazungumza kidogo, na baada ya dakika mbili Sista akaita kutoka chumba cha mbele: "Mwalimu! Meneja anakutaka." Komora akanigeukia. "Zahara, asiguse kitu mpaka nirudi." Akatoka.

Tukabaki wawili. Fundi alikuwa kijana safi, ananukia, shati limepigwa pasi katika mji ambao vumbi halimpi mtu nafasi. Nilimwambia, "Mwalimu amesema usubiri." Lakini nililisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mzee. Akatabasamu.

"Nasubiri nini sasa? Vitu zenu ziko wapi? Si ziko kwa hati?"

Nikafungua folda ya hati. Mlikuwa na barua, ripoti, orodha za dawa, vitu vingi. Daftari sikuliona, lakini sikujua hata linavyofanana likiwa limefungwa. Kazi yangu ilikuwa kulifungua kwa kubofya alama yake na kujaza. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi.

"Zote ziko hapa?"

Kupitia ukutani nilimsikia Komora akisema, "Bwana, mimi siombi pesa. Naomba siku mbili."

"Ndiyo," nikasema.

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Akanakili ile folda kwenye flashi yake, akaingiza diski ya mfumo mpya, akabonyeza. Niliona haya, hiyo tu ndiyo sababu. Mtu wa Nairobi aliniuliza swali la kompyuta, mimi mwenye cheti, na sikutaka kuonekana wa zamani.

Komora aliporudi kioo kilikuwa kimeshaonyesha mstari unaojaa taratibu kutoka kushoto. Aliuliza swali moja. "Ile folda ya kifua umeinakili?"

"Ipi?"

"Iliyoko nje, peke yake. Programu hii haikubali kukaa ndani ya hati."

Fundi akanitazama. Mimi nikaitazama sakafu. Naye, nampa haki yake, alijitahidi: alisimamisha mashine, akaiwasha upya, akajaribu vitu ambavyo jasho lake lilinionyesha kwamba havifanyi kazi. Saa nane kasorobo akafunga begi. Alituachia kompyuta mbili zenye picha ya ziwa la nchi ya baridi, zinazokwenda polepole mpaka kutia uchungu, bila kitu ndani ila zile barua na ripoti. Komora aliketi kwenye kiti chake na mikono juu ya magoti. Hakuna aliyekula siku ile.

Tulikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja wanaoendelea na dawa. Majina na vipimo vilikuwa kwenye kitabu cha karatasi, pamoja na neno lile lile Garsen mara arobaini na moja. Komora akachukua daftari la shule, akaanza kukumbuka. Siku tatu alikaa mezani akiandika kwa penseli, akifumba macho, akitaja majina ya maduka na visima, na mimi na Sista tukimsaidia kwa tulichosikia barazani. Sista hakuja tena na sahani tupu; alileta chakula yeye, akakiweka karibu na mkono wa Komora, akaondoka. Ubongo wa mzee ulikuwa na mengi kuliko nilivyodhani, lakini haukuwa na yote. Na mvua ikashuka. Tulitoka kwa pikipiki kila siku barabara iliporuhusu, mimi nyuma nimekumbatia sanduku la dawa, na iliposhindikana tukavuka kwa mtumbwi na kutembea. Wiki ya tatu tulikuwa tumewapata wote isipokuwa watatu. Wiki ya tano alibaki mmoja, Halako.

Nilimwambia siku pikipiki ilipokwama kwenye matope njia ya kwenda Witu. Tulikuwa tumeisukuma mpaka nguvu zikaisha, tukakaa kando kupumua. Nikasema, "Mwalimu, fundi aliniuliza kama vitu vyote viko kwenye hati. Nilimjibu ndiyo."

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua."

"Mbona ukasema ndiyo?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Alinitazama kwa hasira ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, kwa sababu haikuwa na matusi ndani yake. Aliinuka, akashika usukani. "Sukuma," akasema. Kuanzia siku ile hakunisemesha ila kwa kazi.

Tulimpata Halako wiki ya tisa, na tulimpata kwa bahati, kwa muuza majani chai aliyemsemesha Komora bila kuulizwa. "Kuna wazee wa ng'ombe waliniachia ujumbe hapa kwa duka. Walisema mtu wa kliniki akipita nimwambie maji yamewafukuza, wako nyuma ya kile kichaka kikubwa. Nimengoja, hakuna mtu." Lile lilikuwa ndilo duka wanalopitia kina Halako. Lilikuwa kwenye Daftari, na halikuwa kwenye kichwa cha Komora. Tulitembea mpaka jua likaegemea magharibi. Halako alikuwa amelala ndani ya nyumba ya matawi na mikeka, shuka mdomoni, na shuka ilikuwa na damu. Alinitambua. Hakulalamika. Alisema tu, "Dada, nimekonda tena," kana kwamba ananipa habari ya kuandika.

Tulimleta Garsen, kisha akapelekwa hospitali kubwa. Vipimo vilisema wadudu wameizoea dawa. Dawa nyingine zilikuwepo, kali, za muda mrefu, na alizinywa zote alizopewa. Alifariki kabla mtoto wake hajajua kutembea.

Mama Guyo alikuja kliniki baada ya mazishi. Hakukaa. Alisimama palepale mlangoni pa chumba chetu, akaitafuta ile kompyuta kwa macho, kisha akamwambia Komora kwa Kiswahili chake kidogo, polepole, ili kila neno lifike. "Nyinyi mlisema tukae. Sisi tulikaa." Komora alisimama mbele yake kama mtoto wa shule. Hakusema kuhusu fundi, hakusema kuhusu meneja, hakunionyesha mimi kwa kidole. Alisema, "Ni kweli, Mama." Mama Guyo akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakisubiri barazani, akaenda zake.

Meneja mwenyewe alifika mwezi uliofuata, na soda, na sambusa kwenye kasha la karatasi. Alizunguka vyumba vyetu vitatu, akasifu mfumo mpya uliochukua dakika kumi kuwaka, akaketi na kila mmoja wetu peke yake. Kwangu alileta karatasi iliyochapwa tayari. Ilisema kwamba karani mkuu, yaani Komora, alihifadhi data za wagonjwa katika programu isiyoidhinishwa, mahali pasipo rasmi, bila nakala salama, na kwamba mimi kama msaidizi sikujulishwa. Nilisoma kila sentensi nikitafuta uongo niukatae, na hapakuwa na uongo. Kila neno lilikuwa kweli. Diski aliyoiomba na kunyimwa haikutajwa, siku mbili hazikutajwa, ile "ndiyo" yangu haikutajwa.

"Shirika linataka kusomesha vijana," meneja akasema, akinisogezea sambusa. "Watu wa rekodi wa kisasa. Nimekuona wewe unafaa."

Nikatia sahihi. Nilitia sahihi haraka, kwa kalamu yake, na nikala ile sambusa. Nimeandika hili mara nyingi kichwani na kila mara nilitaka kuliruka hilo la sambusa, lakini nilikula.

Komora aliondolewa kazini mwisho wa mwezi. Alipanga kalamu zake mezani, akaweka kile kitabu kinene chini ya kwapa, akashika chupa ya chai. Mlangoni aligeuka, nikadhani sasa ataniambia ninachostahili. "Ile kompyuta ya pili ukiiwasha," akasema, "iache dakika kumi kabla hujaigusa. Ukiiharakisha inakwama." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu: kuingiza wagonjwa wote kwenye fomu ya mfumo mpya. Nilipofika kwa Halako, fomu ilinidai matokeo kwa zile wiki tisa alizokosa dawa, na haikukubali kuendelea mpaka nichague. Kulikuwa na orodha ndogo inayoshuka: amepona, amehamishwa, amefariki, ametoroka matibabu. Nilitafuta kama kuna mahali pa kuandika kwamba alikuwa amekaa mahali alipoambiwa akae. Hapakuwapo. Nilichagua ametoroka. Ile fomu ikageuka kijani, ikanipa mgonjwa anayefuata. Nilikwenda nyuma ya kliniki, kwenye tangi la maji, nikalipiga teke mpaka kidole cha mguu kikavimba, na Sista akanifunga bendeji bila kuuliza.

Jumatano tulimzika Komora kwao, kijijini Wema. Sista Kadzo, aliyezeeka sasa na fimbo, alinishika mkono tukakaa kwa wanawake. Kanisani mzee mmoja alisoma wasifu: alizaliwa, alifundisha, alioa, alibahatika kupata watoto watano. Kisha akasoma, "Alifanya kazi katika kliniki ya kifua, akaiacha kwa sababu zake binafsi." Nilimsikia Sista akivuta pumzi. Mimi nilishika kiti cha mbele. Hasira ile ile ya Jumatatu ilinirudia, lakini safari hii haikupata mtu wa Nairobi wa kumwangukia.

Baada ya chakula nilimwendea mjane, Mama Jilo, alikokuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba na dada zake. Nilipiga magoti, nikampa pole, na kabla sijajipa nafasi ya kuogopa nikamwambia. Nilimwambia kuhusu fundi, nikamwambia nilijibu nini, nikamwambia kuhusu karatasi niliyoitia sahihi. Aliosha mikono yake kwenye bakuli, akaifuta kwa kanga, bila haraka.

"Wanawe wanajua alizembea," akasema. "Ndivyo mji ulivyosema. Huyu mkubwa, Jilo, alimwambia hivyo usoni, siku alipokosa kwenda chuo, naye hakumjibu." Kisha akapaza sauti. "Jilo! Njoo na wenzako. Wote." Akanigeukia. "Utawaambia kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Walikuja watano, watu wazima, wengine na watoto mikononi. Nikasimulia tena. Nilimtaja Halako kwa jina lake, nikasema alikufa, nikasema baba yao alisimama mbele ya mkwe wa Halako akakubali kosa ambalo halikuwa lake. Binti wa mwisho alikuwa analia tangu katikati. Jilo hakulia. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, ana mabega ya baba yake, na muda wote alikuwa anakwangua udongo wa kaburi kwenye kucha zake. Nilipomaliza aliinua macho.

"Miaka yote hii ulikuwa Hola?"

"Hola, ndiyo."

"Na namba ya mzee ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo," nikamwambia.

Jilo akaondoka akaelekea makaburini, na hakuna aliyemwita arudi.